Kuanzia Shilingi 149,000

Kuna neno la Kiswahili ambalo siku hizi nikilikuta limekaa mbele ya bei, nasimama kwanza. Neno lenyewe ni "kuanzia". Maskini, lenyewe halina kosa lolote. Mwalimu anasema zoezi ni kuanzia ukurasa wa 12 hadi wa 15. Mwenyekiti wa mtaa anasema kikao ni kuanzia saa nne hadi saa sita, hata kama wote tunajua kitaisha saa nane. Tulivyolelewa na lugha hii, "kuanzia" haitembei peke yake, inakuja na "hadi". Lakini fungua tovuti ya kukata tiketi za ndege, yaangalie yale maandishi makubwa yaliyopakwa rangi: Dar es Salaam kwenda mkoa fulani, "kuanzia" shilingi kadhaa. Itafute "hadi". Haipo. Utakuja kuiona mwenyewe mwisho wa safari, ukiwa umeshaandika majina yako matatu, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu na barua pepe, na kadi ya benki iko mkononi.

Kwa kawaida hapa tunazungumza vitabu. Leo naomba tusome maandishi mafupi zaidi, pengine mafupi kuliko yote tunayosoma kwa siku: tangazo la nauli. Nalo ni utungo. Lina kichwa cha habari, lina picha ya mtu anayecheka dirishani, lina namba moja kubwa, halafu lina kinyota kidogo pembeni ya namba. Hicho kinyota ndicho chenye hadithi. Ukikifuata mpaka chini kabisa unakuta maandishi ya saizi ya siafu, na mwisho wake ni ile sentensi ambayo kila Mtanzania mwenye redio anaijua kwa moyo, ile inayosomwa mbio kama mtu anayekimbia mvua: vigezo na masharti kuzingatiwa. Sijui kama kuna sentensi nyingine ya Kiswahili inayosikika mara nyingi hivyo na kusikilizwa mara chache hivyo.

Nafanya kazi ya kuweka hesabu katika duka la vitambaa vya jumla Mtaa wa Uhuru. Asubuhi nashuka mwendokasi Msimbazi Polisi, nakatiza Kariakoo kwa miguu. Ukifanya hivyo kwa miaka, unajifunza kwamba bei si namba tu, bei ina tabia. Kariakoo nimezijua bei za aina tatu.

Ya kwanza ni bei ya spika. Machinga amemwaga fulana chini kwenye turubai, amejirekodi mwenyewe, na kispika kinapiga kelele tangu alfajiri: buku jero, buku jero, buku jero. Watu wa mjini wanakilalamikia kwa kelele, na kweli kinachosha. Lakini nakisifu kwa jambo moja. Ukisikia buku jero, unatoa buku jero, unaondoka na fulana. Hakuna mtu aliyewahi kufika pale akaambiwa kwamba buku jero ni bila shingo na mikono.

Ya pili ni bei ya kupatana. Muuzaji anasema 45,000. Unacheka. Unamuuliza bei ya mwisho ngapi. Anasema wewe una ngapi. Unajifanya unaondoka, anakuita, mnakutana 30,000, na kila mmoja anaamini amempata mwenzake. Wageni wanaiona hii kama udanganyifu, kwamba bei ya kwanza ni ya uongo. Mimi sioni hivyo. Bei ya kwanza Kariakoo ni salamu, na wote wawili tunajua ni salamu. Cha muhimu zaidi ni upande inakoelekea: inaanzia juu inashuka. Mbaya kabisa linaloweza kukupata ni kulipa kile ulichotajiwa mwanzo. Ukilipa 45,000, umepigwa, lakini umepigwa kwa namba uliyoisikia kwa masikio yako.

Ya tatu ni bei ya winga. Wasiolijua soko, winga ni kijana asiye na duka wala mzigo. Anasimama pembeni ya barabara, anakuuliza unatafuta nini bosi, anakuingiza duka la mtu, na bei anayokutajia ina cha juu chake ndani. Duka linauza 20,000, yeye anakutajia 28,000, hizo nane ndiyo jasho lake la kukuzungusha. Wengi ni watu waungwana tu wanaotafuta riziki, na wengine wanalijua soko kuliko wenye maduka. Siri ya winga ni moja: mnunuzi hajui mwenye mali anauza ngapi.

Sasa nauli ya ndege mtandaoni ni bei ya nne. Inaanzia chini inapanda. Na inapanda ukiwa peke yako, usiku, mbele ya kioo cha simu, hakuna wa kumuuliza bei ya mwisho ngapi.

Nieleze kwa nini jambo hili limenikaa kooni. Baba mkubwa wangu alifariki usiku wa Jumatatu, kijijini, mbele ya Bukoba kuelekea Mutukula. Maziko yakapangwa Alhamisi saa nane mchana. Sisi wa Dar tukakaa kikao kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, kama ilivyo siku hizi. Wa kwenda ni wanne: baba yangu, ambaye mguu wake hauwezi kukaa kwenye basi, shangazi yetu, dada pekee wa marehemu, mtoto mkubwa wa marehemu, na mjukuu mmoja. Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, ana duka la vifaa vya simu Mtaa wa Aggrey. Kwa kuwa ni mwepesi wa mambo ya mtandao, akapewa kazi mbili: kutafuta tiketi na kushika hela za mchango.

Jumanne asubuhi akaweka picha ya kioo cha simu yake kwenye grupu. Dar es Salaam – Bukoba, kuanzia shilingi 149,000. Watu wakapiga hesabu: mara nne ni 596,000. Kwa ukoo wetu hiyo ni hela inayowezekana. Michango ikaingia elfu kumi kumi, ishirini ishirini, wengine elfu tano na ujumbe wa kuomba radhi. Kufikia jioni ilikuwa 640,000. Kuna mtu akaandika kwamba inayobaki inunue sukari ya msibani.

Jioni hiyo nilikuwa dukani kwake wakati anakata. Akachagua Jumatano: nauli ikawa 236,000. Akajaribu asubuhi, mchana, jioni, ni hiyo hiyo. Akabonyeza endelea. Zikaja kodi na tozo, 60,500. Akabonyeza endelea. Ikaja ada ya huduma ya tovuti, 12,000. Likaja begi, 19,000, maana nauli ile ilikuwa ya mkoba wa mkononi tu, na mtu haendi kukaa matanga siku nne na mkoba wa mkononi. Ikaja bima iliyokuwa imeshawekewa alama ya tiki bila mtu kuigusa, akaitoa. Pembeni saa inahesabu kurudi nyuma, na maandishi mekundu yanasema vimebaki viti vichache kwa bei hii. Mwisho wa yote: 327,500 kwa mtu mmoja. Wanne ni 1,310,000. Mkononi tuna 640,000.

Tovuti siitaji jina. Nikiitaja itaonekana nina ugomvi na mmoja, wakati mtindo ni wa wengi.

Akaandika kwenye grupu, kwa adabu, kwamba bei ni tofauti na ile ya asubuhi. Baba mdogo mmoja aliyeko Geita akajibu: "Asubuhi ulisema laki na arobaini na tisa. Sasa hivi laki tatu na ishirini na saba. Hiyo tofauti imeenda kwa nani?" Mwingine akaweka emoji ya macho tu. Mdogo wangu akaandika: "Shikamoo baba. Sijala hela ya mtu. Fungueni wenyewe muone."

Wakafungua. Na hapa ndipo kisa chote kilipo. Walipofungua, ukurasa wa kwanza uliwaonyesha kile kile: kuanzia shilingi 149,000. Ushahidi aliouita kumtetea ukamshtaki. Nani kati ya wazee wale angeandika majina ya abiria wanne, abonyeze endelea mara sita, ili tu afike kwenye namba ya kweli? Waliiona ile kubwa yenye rangi, wakafunga simu.

Zikakatwa tiketi mbili, 655,000, tukaongezea 15,000 palepale dukani. Moja ya baba kwa ajili ya mguu, moja ya mtoto wa marehemu kwa sababu hawezi kukosa. Shangazi alisema yeye ana miguu, atapanda basi. Jumatano saa kumi na moja alfajiri akaondoka stendi ya Magufuli, Mbezi. Zaidi ya kilometa 1,300, na basi likaharibika njiani. Alipompigia simu baba Alhamisi mchana alisema tu, "Mwambieni kaka anisubiri." Hawakuweza. Padri ana ratiba, watu walishakaa juani tangu asubuhi. Shangazi alifika saa kumi jioni, udongo umeshafunika, akaonyeshwa maua.

Mdogo wangu hakuwahi kusemwa wazi kwamba ameiba. Kwetu watu hawasemi hivyo wazi. Ila msiba uliofuata, alipotajwa kushika mchango, akasema ana kazi nyingi. Mpaka leo ana kazi nyingi.

Nimeufikiria sana usiku ule wa Jumanne. Tangazo la namna ile huwa tunalipima kwa hela, kwamba mtu amelipa zaidi ya alivyotegemea. Lakini katika nchi ambako safari ya mtu mmoja inalipiwa na watu thelathini, bei haisomwi na mnunuzi peke yake. Mmoja anaisoma, anaibeba, anaipeleka kwa wengine kama ahadi yake mwenyewe. Ikigeuka njiani, anayeonekana mwongo ni yule aliyeibeba. Kampuni imelala usingizi wake. Wahenga walishatuonya juu ya kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Hawakutuambia habari ya mtu anayetumwa na ukoo kwenda kumnunua huyo mbuzi.

Je, ile 149,000 ilikuwa uongo? Niliwahi kumuuliza dada mmoja anayefanya kazi ofisi ya wakala wa safari mjini, karibu na Mtaa wa Samora, akanipa somo ambalo ningependa kulipitisha. Chukua ndege ya viti 76, kama hizi Dash 8-Q400 zinazokwenda mikoani. Kwa abiria, daraja la kawaida ni daraja moja: kiti ni kile kile, soda ni ile ile. Kwenye kompyuta, viti hivyo vimegawanywa katika mafungu yenye herufi, na kila herufi ina bei na masharti yake. Fungu la chini kabisa linaweza kuwa na viti vichache mno, siku nyingine hakuna hata kimoja. Vikiisha, mfumo unapanda fungu la juu yake. Ndiyo maana watu wawili wamekaa bega kwa bega, mmoja amelipa mara mbili ya mwenzake. Kwa hiyo 149,000 inawezekana ilikuwepo, kwenye siku fulani, kwa kiti fulani, kwa mtu aliyejua atasafiri wiki sita kabla. Nauli ya chini ni ya mwenye ratiba. Msiba hauna ratiba. Anayefiwa karibu kila mara ananunua fungu la juu.

Mtindo huu una historia. Marekani iliachia soko la nauli za ndege kwa sheria ya mwaka 1978. Mwaka 1981 likaanza shirika la People Express, lenye nauli za chini kwa kila abiria, na likawatikisa wakubwa. American Airlines wakajibu kwa kompyuta: mwaka 1985 wakatangaza nauli zinazofanana na zile za People Express, lakini kwa viti vichache na kwa anayelipa mapema, huku mfanyabiashara wa dakika za mwisho akiendelea kulipa bei kubwa kwenye ndege hiyo hiyo. Kufikia 1987 People Express halikuwepo tena, likamezwa na Continental. Tangu hapo dunia nzima inauza hivyo. Sina ugomvi na ujanja huo wenyewe. Ndege ikiruka na kiti kitupu, kiti hicho hakiuzwi tena milele, kama nyanya za Kariakoo jioni. Ugomvi wangu ni kuchukua bei ya fungu la chini, lenye viti vya kuhesabu kwa vidole, na kuibandika mlangoni kama bei ya duka zima.

Halafu kuna hizi "kodi na tozo". Nazo zinahitaji kusomwa taratibu. Nyingine ni za kweli na za serikali: ada ya huduma kwa abiria katika viwanja vya Bara imekuwa shilingi 10,000 kwa safari ya ndani na dola 40 kwa safari ya nje. Hakuna abiria anayeweza kuikwepa, na ndiyo sababu hasa haifai kuachwa nje ya bei. Kitu ambacho kila mtu lazima alipe si nyongeza, ni sehemu ya bei. Nyingine si kodi kabisa. Ukiikagua tiketi ya safari ya nje utakuta herufi YQ au YR zimepangwa pamoja na kodi. Hizo ni tozo za shirika lenyewe, zilizozoeleka kuitwa za mafuta. Yaani mama ntilie anakuuzia wali kwa elfu mbili, halafu pembeni anakuandikia elfu moja ya mkaa, na mkaa ameuweka safu moja na ushuru wa manispaa ili ukikasirika umkasirikie mkurugenzi.

Hapa kwetu mtindo wa nauli ya chini ulikuja kwa kishindo Novemba 2012, fastjet ilipoanza kuruka kutoka Dar kwenda Kilimanjaro na Mwanza kwa ndege za Airbus A319. Nauli iliyotangazwa ilianzia shilingi 32,000, kabla ya kodi na tozo. Nakumbuka namba ile ilivyozungumzwa Kariakoo, kwenye vijiwe vya kahawa, kama habari ya mpira. Watu waliokuwa hawajawahi kufikiria ndege wakaanza kuifikiria, na wengi walipanda kwa mara ya kwanza maishani. Shirika lile lilisimama mwishoni mwa 2018, na kuna wanaolikumbuka kwa upendo mpaka leo. Siandiki kulilaumu. Ninachosema ni kwamba namba ile ilitufundisha kusoma: tulijifunza kwamba kuna nauli, halafu kuna "na kodi je?" Swali hilo sasa ni la kila siku. Mtu akikutajia bei ya tiketi, unauliza na kodi je, na begi je.

Wanaoliuliza vizuri kuliko wote ni wafanyabiashara wa Kariakoo wanaokwenda Guangzhou na Dubai. Nina jirani wa duka, mama wa mapazia, Mtaa wa Mchikichi. Ukimwambia umepata tiketi ya bei poa, haulizi shilingi ngapi. Anauliza, "Kilo ngapi?" Kwake tiketi ni kilo. Tiketi ya rahisi isiyo na mabegi mawili ya kilo 23 ni ghali kuliko ya ghali, kwa sababu ile kilo ya ziada inalipiwa kaunta, huku nyuma foleni inakutazama na mkanda wa mizani hauna huruma. Mama yule hakumaliza darasa la saba, lakini anasoma tangazo la nauli vizuri kuliko sisi wenye digrii za fasihi. Anaanza na kile kisichoandikwa.

Wenzetu walishaamua kwamba hili si suala la kumwachia kila mtu na ujanja wake. Ulaya, kanuni namba 1008 ya mwaka 2008 inataka bei ya mwisho, yenye kodi na tozo zote zisizokwepeka, ionyeshwe wakati wote, na nyongeza za hiari mteja azichague mwenyewe badala ya kuzikuta zimeshatikiwa. Marekani, tangu tarehe 26 Januari 2012, tangazo la nauli lazima liseme bei kamili. Baadhi ya mashirika yalikwenda mahakamani kupinga, yakashindwa mwaka huo huo. Mashirika hayakufa, ndege zinaruka.

Kwetu, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha au kudanganya katika biashara, na ipo Tume ya Ushindani ya kuisimamia. Kwa upande wa ndege tuna TCAA, na lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga. Kwenye mabasi, LATRA inapanga kikomo cha nauli, na kikomo ni neno zuri sana, maana ni ile "hadi" ninayoitafuta. Sidai ndege nazo zipangiwe kikomo. Nauli za ndege zinaachiwa soko, na soko ndilo linalonilisha. Nadai kidogo zaidi: namba kubwa ya kwanza iwe ile ambayo mtu anaweza kuilipa akaondoka. Machinga wa buku jero anaweza hilo kwa kispika cha betri, itakuwaje kampuni yenye wahandisi ishindwe?

Najua hoja ya upande wa pili, na niliisikia kwa yule dada wa wakala. Alisema tovuti nyingi hazina ndege wala bei zao, zinazoa bei kutoka kwa wengine, nyingine zinakupeleka tu kwa tovuti nyingine inayokupeleka kwa shirika. Bei iliyoonekana mwanzo inaweza kuwa ya saa kadhaa zilizopita. Nikamwambia basi hao ni mawinga. Akacheka, akasema ndiyo, winga anayekupeleka kwa winga. Lakini winga wa Msimbazi nikirudi kesho namkuta pale pale, namjua kwa sura, na akinipiga sana ataharibu jina lake mtaani. Na dada mwenyewe, nilipotaka tiketi kwake, alichukua kalamu akaandika kwenye karatasi namba moja, akaizungushia duara. "Hii ina kila kitu, na elfu ishirini yangu imo humo." Cha juu chake alikitaja kwa mdomo wake. Sijawahi kuona bei iliyonipa amani namna ile, na haikuwa ndogo.

Shangazi bado yupo Buguruni, anauza vitenge. Arobaini ya kaka yake alikwenda kwa basi tena, mapema, akakaa wiki mbili. Hazungumzii tiketi. Lakini juzi kwenye grupu kulikuwa na harusi ya kupanga, Mwanza, na kijana mmoja mwenye furaha akaweka picha ya nauli ya ndege yenye namba kubwa ya rangi. Watu wakaanza kuweka vidole gumba. Shangazi, ambaye kwa kawaida huandika amina tu, akatuma sauti ya sekunde nne hivi. "Mwanangu, hiyo ni kuanzia au ni hadi?"

Kijana hakuwa na jibu. Baada ya nusu saa mdogo wangu wa Aggrey, aliyekuwa kimya kwenye mambo ya michango tangu msiba ule, akatuma picha ya ukurasa wa mwisho kabisa, wenye kodi, begi na ada, jumla ikiwa imezungushiwa duara jekundu. Hakuandika neno lolote. Baba mdogo wa Geita akaandika, "Ahsante mwanangu. Hiyo ndiyo tuchangie."